Safari imguse mhusika

Mhariri,

Nasoma hadithi fupi za gazeti lako kila wiki hapa Ujiji, na kuna jambo linaniuma. Wahusika wengi wanasafiri, wanaibiwa, wanalala njaa, kisha wanafika wakiwa walewale walioondoka. Shida imewateleza kama maji kwenye jani la mgomba.

Sisi wa mwisho wa reli tunajua safari inavyomfinyanga mtu. Kabla treni haijafika Kigoma mwaka 1914, wapagazi walitembea kutoka Tabora hadi huku ziwani, mizigo begani, wakivuka Mto Malagarasi. Aliyeutua mzigo Ujiji hakuwa tena yule aliyeubeba.

Si lazima mhusika awe mwema. Wapo wanaorudi na roho ngumu, na hao nawaamini zaidi. Mwandishi atuonyeshe tu. Marehemu babu yangu, tangu alipokwama njiani siku mbili kwa mvua za masika, hakumaliza tena ugali wake: alibakiza tonge moja, akalifunika kwa bakuli. Hakutueleza kamwe kwa nini.

Tafadhali waombe waandishi wako watuletee tonge kama hilo.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma