Tuandike majaribio mbele ya kufungua programu

Bwana mhariri,

Salamu kutoka Bukavu. Kuko jambo lenye linaniumiza roho tangu masomo ilifunguliwa. Mimi ni fundi wa programu, na mwezi wa tisa tulipatia shule moja ya hapa mjini programu ya kupokea minervali, ni kusema feza ya masomo. Hatukuianza mwanzo, tuliitosha mu programu ya duka moja yenye ilikuwa inahesabu dola tu, tukabadilisha majina, tukaijaribu siku mbili mu biro yetu kwa kompyuta nzuri na rezo (mtandao) nzuri, tukasema iko sawa.

Siku ya kwanza mama mmoja muuza samaki za sambaza akaleta minervali ya watoto watatu kwa franga za Kongo, akahesabu noti moja moja juu ya meza: 280 000. Nafasi ya namba ilikuwa ya tarakimu 5 tu. Kwa karatasi ikatoka 28 000. Mama akaiangalia sana, akaniuliza, "Papa, zingine mumezipeleka wapi?" Nilikosa jibu, na nyuma yake mstari ulifika kwa geti.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka kama sekunde 40 kisha kuruka kule Kourou, mu Guyana ya Ufaransa, juu walibakisha ndani sehemu ya programu ya Ariane 4 na namba ya mwendo ikapita nafasi yake. Hawakuijaribu kwa safari ya roketi mpya. Ni kosa letu lilelile.

Mafundi wenzangu, na nyinyi wenye kununua, naomba hivi: mbele ya kugusa kompyuta mukae na mwenye kushika feza, mumuulize siku yake mbaya kuliko zote huwa namna gani, muandike yote, franga na dola pamoja, umeme kukatika katikati ya malipo, simu ya bei ndogo, mtu kubonyeza mara mbili juu rezo imelala. Kujaribu kila kitu haiwezekani, njo maana lazima kuchagua, feza ipite mbele na rangi za ekrani zingoje. Tena muandike jina la mtu mwenye haki ya kusema "bado, hatufungui". Kwetu hakukuwa mtu huyo, kila mmoja alifikiri ni mwenzake.

Mpango wetu wa majaribio sasa uko kurasa tatu, na mwenye kushika feza wa shule njo alisaini wa kwanza.

Fundi wa programu,
Ibanda, Bukavu