Risala ya Kikundi cha Viziwi wa Kisumu kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wetu, walimu, wazazi na wanakikundi wenzangu, hamjambo?

Karibu Kisumu. Mikono uliyoiona ikipepea hewani ulipokuwa ukiingia ukumbini ndiyo makofi yetu. Tunakushukuru kwa kuja leo, tarehe 23 Septemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2017 kwa ajili ya lugha za ishara.

Mheshimiwa, sauti unayoisikia si yangu. Mimi ni kiziwi na risala hii naitoa kwa mikono. Anayesema ni dada aliyeketi hapo mbele yangu. Wewe huna njia ya kujua kama anayoyasema ndiyo ninayoyaonyesha, kwa kuwa huijui lugha yangu. Nami sina njia, kwa kuwa simsikii. Sote wawili tumemkabidhi amana. Tunachotaka kukueleza leo ni nani anayepaswa kumpima mtu kabla hajakabidhiwa amana ya namna hiyo.

Miaka sita iliyopita, katika ugomvi wa kodi ya nyumba, nilisukumwa ngazini nikavunjika mguu. Nilikwenda kuandikisha taarifa katika kituo kimoja cha polisi huku kwetu magharibi. Nikaitiwa mtu aliyesemekana anajua ishara, mwenye cheti cha mafunzo ya wiki tatu. Nilieleza, akasema, afisa akaandika, nikatia sahihi. Binti yangu aliponifafanulia nakala ile nyumbani, nilikuta imeandikwa kwamba niliteleza. Aliyenisukuma hakutajwa popote. Naamini yule mkalimani hakuwa na nia mbaya. Alijua herufi za vidole, salamu na majina ya vitu. Lakini hakuna aliyemfundisha kusimama na kusema, "Sijaelewa, naomba arudie." Ujasiri huo ni sehemu ya taaluma, nao haupatikani kwa kukariri ishara.

Jambo hili halikunipata mimi peke yangu. Tarehe 10 Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela kule Johannesburg, alisimama mtu kando ya marais akichezesha mikono kwa saa kadhaa. Viziwi waliokuwa wakitazama walitambua mara moja kwamba hasemi lolote la maana. Wenye kusikia hawakuona kasoro yoyote mpaka viziwi walipopaza malalamiko. Tangu siku ile tumekuwa tukisema: mtihani wa mkalimani usiokuwa na kiziwi mezani haujapima kitu.

Huku Kenya tatizo lina sura yake. Wengi wanaojitolea kutukalimania walijifunza ishara zinazofuata Kiingereza neno kwa neno, kama zilivyotumika madarasani. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Swali huulizwa kwa nyusi, na uso ukikaa kimya nusu ya maana hupotea. Lugha hii ilikuzwa na watoto wenyewe mabwenini, katika shule kama za Nyang'oma na Mumias zilizofunguliwa mwaka 1961, enzi ambazo walimu waliwataka watoto wasome midomo. Zipo pia ishara za huku Kisumu zinazotofautiana na za Mombasa. Mkalimani asiyejua hilo atakisia.

Wenzetu wa Marekani walianzisha sajili yao ya wakalimani mwaka 1964. Mtahiniwa hupimwa kwanza maarifa na maadili, kisha kazi yenyewe ya kukalimani. Akishapata cheti, kila miaka minne lazima awe amesoma zaidi kwa saa 80, la sivyo cheti kinakoma. Akivunja siri ya mteja, kuna mahali pa kumshtaki. Kuna hata viziwi waliothibitishwa kuwa wakalimani, wanaosaidia pale ambapo kiziwi anayehudumiwa hakuwahi kwenda shule na ana ishara za nyumbani tu. Hapo ndipo ningependa sana tufike, kwa sababu wazee wengi wa vijijini wako katika hali hiyo.

Hatuombi fadhila. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inatupa haki ya kutumia lugha ya ishara, na kifungu cha 120 kimeifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja wakalimani wa kitaaluma. Mswada wa Lugha ya Ishara ya Kenya nao umefikishwa Seneti zaidi ya mara moja.

Tunakuomba, mheshimiwa, usisubiri mswada huo. Kaunti inapoajiri mkalimani wa hospitali, usaili ufanyike mbele ya jopo lenye viziwi, na neno lao liwe na uzito. Kwenye basari, wakumbukeni vijana wa Seme, Nyando na Muhoroni wanaotaka kusomea kazi hii. Tunao wanne katika kikundi chetu waliokwama kwa karo. Na katika mikutano ya hadhara msimlipe nauli pekee mtu aliyesoma akafaulu, wala msimwache akalimani peke yake asubuhi nzima. Baada ya dakika 20 au 30 akili huchoka na makosa huanza, ndiyo maana wakalimani hufanya kazi wawili wawili na kupokezana.

Dada huyu unayemsikia alikaa miaka mitatu kati yetu kabla hatujamruhusu asimame jukwaani. Sisi ndio tuliompima. Mwenzake sasa anakuja kumpokea, ili hotuba yako itufikie kamili.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanakikundi,
Kisumu.