Barua kwa shoga yangu: lupu inatazama lini?

Chake Chake, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai hamjambo nyote hapo Tunguu. Huku kwetu wazima, alhamdulillahi.

Ujumbe wako kuhusu lupu za C, lugha ya kuandikia programu, nimeupata; lupu ni maagizo yanayorudiwa maadamu sharti ni kweli. Umeanza na i = 0, ukaandika while (i++ < 5), na ndani unachapisha i. Unauliza kwa nini inatoka 1 hadi 5, sifuri imekwenda wapi. Kompaila, ile programu inayotafsiri maandishi yako kwa kompyuta, haina kosa. Ile i++ inatoa thamani ya zamani kwa ajili ya kulinganisha, kisha i inaongezwa moja, na yote hayo yanakwisha kabla ya mstari wa ndani kuguswa. Kwa hiyo 0 inalinganishwa na 5, i inakuwa 1, ndipo unachapisha. Mwisho 5 inalinganishwa na 5, sharti linakataa, lakini i imeshaongezwa hata hivyo. Chapisha i baada ya lupu utaona 6. Watu wengi hiyo 6 inawapita.

Sasa for (i = 0; i < 5; i++) ndiyo inayobabaisha, maana mambo matatu yamekaa mstari mmoja na macho yanadhani yanafanyika kwa mfuatano huo. i = 0 inafanyika mara moja tu. Halafu sharti, halafu kazi ya ndani, ndipo i++, kisha sharti tena. Humo ukiandika ++i, inayoongeza kwanza ndipo itoe thamani, badala ya i++ hakuna tofauti, kwa sababu thamani yake haitumiwi na mtu. Wakikubishia darasani, waache.

Neno continue, linaloruka kazi iliyobaki ya mzunguko ule, ulichunge sana. Ndani ya for linakupeleka kwenye i++. Ndani ya while linakurudisha moja kwa moja kwenye sharti, na kama i++ umeiweka chini kabisa, haifikiwi: lupu itazunguka bila mwisho.

do-while wewe mtoto wa Pemba haikupi tabu: unachota pishi kwanza, ndipo unachungulia kama polo lina karafuu. while inachungulia kabla ya kuchota.

Jengine ni &&. Ukiandika i < n && a[i] != x, yaani pande zote mbili ziwe kweli, upande wa kushoto unapimwa kwanza, ukiwa si kweli wa kulia hauguswi. Hapo a ni orodha ya vitu n, kuanzia a[0]. Ukizigeuza, i ikifika n utasoma a[n], sehemu ya kumbukumbu isiyo yako. Programu inaweza kuanguka, au ikaendelea na jibu bovu, na hilo la pili mimi naliogopa zaidi.

Na usiandike kamwe a[i] = i++. Java, lugha nyingine, imeweka sheria ya kushoto kwenda kulia. C haikuahidi chochote hapo, kila kompaila inaweza kukupa lake. Tenganisha mistari miwili, hakuna anayekudai uwe mfupi.

Lugha ya Python utakayoanza muhula ujao ina tabia yake: kwenye for yake, range(n), yaani namba 0 hadi n-1, inapimwa mara moja tu, hata ukibadilisha n ndani ya lupu haishtuki. C sharti inalipima upya kila mzunguko.

Chukua karatasi, chora safu ya i, ya sharti na ya kinachochapishwa, ujaze mwenyewe kwa while (++i < 5), ukianza tena na 0. Usiiendeshe kwenye kompyuta kwanza. Niandikie kimetoka nini na i imebaki ngapi.

Nisalimie mama na wadogo zako.

Akupendaye,
Shoga yako