Dada, mwanangu anasoma

Dada, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale unapokohoa na kumwambia mtu apunguze redio. Kukujibu kundini siwezi, umenitoa. Simu zangu hupokei. Basi naandika hapa, mbele za watu. Najua binti wa mjomba atakusomea, na akishakusomea atawatumia na wengine, kwa hiyo tusije tukaulizana nani kavujisha.

Unataka nimlete mtoto. Ulisikia habari za tetemeko la tarehe 30 Septemba 2025, mara Novemba ukaona kwenye taarifa ya habari mafuriko ya kimbunga yamezoa magari mitaa ya jirani zetu, ukaamua Cebu, huku Ufilipino, si mahali pa kulea mtu. Hapo nakuelewa, na Mungu akubariki kwa kutuwaza. Usiku ule nyumba ilipotikisika hata mimi niliwaza Lushoto. Lakini hukuishia hapo. Umesema, "Aje huku apate shule, maana huko hajasoma." Maneno yale yale ya siku ya arobaini ya Mama. Siku ile walisikia waliokaa karibu. Safari hii wamesikia wapwa wote.

Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya Mama. Leo nina la kusema.

Nianze na ninalodaiwa. Kusoma nilifundishwa na wewe. Si mwalimu wa zamu, si Baba. Wewe, jikoni, kidole chako kikitembea chini ya mstari, ukucha una unga wa chaki hata siku za likizo. Ule mwaka wa mvua nyingi ulinibeba njia yote ya Soni ili nisikose mtihani, na ada ya sekondari ulikatwa kwenye mshahara wako wakati wewe mwenyewe unavaa viatu vilivyoshonwa mara mbili. Sijasahau. Ninapoishi sasa, mwalimu anaitwa magtutudlo, na tudlo ni kufundisha, ni kuonyesha, tena ni kidole chenyewe. Mke wangu aliponieleza hayo, tukiwa bado Dubai, jambo la kwanza kumwambia lilikuwa habari za kidole chako. Ndiyo maana alikupenda kabla hajakuona. Sasa ananiuliza ni yule yule?

Mama alijua mengi ya huku kuliko wewe, kwa sababu aliuliza. Kila Jumapili akipiga simu mtoto anamwambia tunakwenda simbahan, na Mama anacheka mpaka anashikwa na kikohozi: "Mnampeleka mjukuu wangu kwa simba?" Simba kwao ni kuabudu, simbahan ni kanisa. Lugha yao ikitaka kutaja mahali inaweka -an au -han mwishoni, kama sisi tunavyoweka -ni. Eskwelahan nayo ni hivyo hivyo: eskwela waliyoachiwa na Wahispania, na mkia wao wenyewe wa mahali. Usije ukaguna kwamba wameazima. Sisi "shule" tumeipata kwa Wajerumani, na wa kwanza kunieleza hivyo ni wewe.

Mtoto akienda kusoma wanasema nag-eskwela. Yeye mwenyewe, mwanafunzi, anaitwa eskwela pia. Anayesoma naye ni kaeskwela. Na kuna neno jingine, la vitabuni zaidi, tunghaan, mara nyingine tulunghaan, linalotoka kwenye tungha. Tungha ni kuhudhuria masomo, lakini pia ni kujitokeza, kuibuka: swali likizuka kwenye mazungumzo nalo "mitungha." Mtaani hulisikii sana. Ukipanda bodaboda, huku ni habal-habal, ukamwambia dereva akupeleke tunghaan atakuelewa, ila atajua unatoka kwenye kitabu. Mwanangu alilikuta darasa la kwanza, akaandika kichwa cha habari kwa penseli, "Ang Akong Tunghaan", shule yangu, na chini yake akachora jengo lenye milingoti miwili ya bendera. Nilimuuliza wa pili wa nini. Akaniambia ule ni mti wa nazi.

Hilo daftari ninalo. Nilikuja nalo msibani, lilikuwa kwenye begi la bluu, nikikusudia kukuonyesha.

Ngoja nikwambie alivyoingia eskwelahan mara ya kwanza, maana hukuwahi kuniuliza. Hakuingia kusoma. Shule za Ufilipino zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na watoto walikaa nyumbani na modyul, makaratasi ya kujisomea, kwa muda mrefu kuliko karibu nchi zote. Tarehe 16 Desemba 2021 kikaja kimbunga Odette. Kimbunga kikikaribia, watu wa mitaa ya mabati na plywood hupelekwa kulala madarasani, na sisi tulipelekwa. Madawati yamesukumwa ukutani, maboksi yamelazwa sakafuni, familia zimepangana, kuku wa mtu kafungwa kwenye mguu wa meza ya mwalimu. Upepo ulipopiga, bati la darasa la pili kutoka letu liling'oka tukalisikia linavyokwenda. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Aliukesha usiku akiangalia herufi zilizobandikwa juu ya ubao. Asubuhi alikuwa anaziimba, kafundishwa na binti wa jirani.

Wiki nyingi zikapita hatuna umeme. Masomo ya ana kwa ana yalipofunguliwa kwa wote mwaka uliofuata, tulidhani atalia siku ya kwanza kama wenzake. Aliingia akaenda moja kwa moja kwenye ile pembe aliyolala, akakaa. Mtoto huyo ndiye unayesema hajaenda shule.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Siku ile ya arobaini, wageni wameshakula, turubai bado halijafunguliwa, wewe umekaa kwenye kiti cha Mama (sitasema lolote kuhusu kile kiti). Ukaomba kitabu cha darasa la pili, kile chenye jalada la kaki, ukavaa miwani, ukamwita. Alikuja amevaa kitenge ulichomshonea, amekifurahia kweli. Ukamwambia, "Msomee shangazi." Akasoma. "Ngoma" akaisoma kwa ng ya ng'ombe. "Ngazi" hivyo hivyo. "Tanga" ikawa Tang'a. Vijana wakaanza kumwigiza kule nyuma. Naye, kwa kuwa alidhani wanafurahi, akaongeza sauti. Ukavua miwani, ukafunga kitabu kidole chako kikiwa bado ndani, ukasema, "Huyu hajaenda shule."

Dada, wewe umefundisha kusoma maisha yako yote. Ulipaswa kusikia. Mtoto asiyesoma hukosea ovyo, huku hivi, kule vile, anabahatisha. Yule alikosea kosa moja, mahali pale pale, kila lilipokuja. Kwa Kibisaya, lugha ya huku Cebu, n na g zikikaa pamoja ni sauti ya ng'ombe, haina haja ya kile kialama cha juu. Wakitaka sauti ya "Tanga" wanaandika g mbili: mangga, yaani embe. Alikuwa anasoma kwa kanuni aliyofundishwa na mwalimu wake, tena bila kusita. Ungemwambia kanuni yetu angeishika kabla chai haijapoa. Na hiyo ng'ombe yenyewe, ambayo wewe ulituchapa sisi wenyeji wa Usambara mpaka ikatoka, yeye aliitamka safi mara ya kwanza. Hukusikia?

Usiku, chumbani kwa Mama, hakulala. Neno shule analijua, nilimfundisha mimi. Akanigeukia akasema, "Nag-eskwela man ko, Pa." Baba, mbona mimi nasoma. Mama yake akaniuliza kulikuwa na nini mchana, nikamwambia ni utani wa mashangazi. Nikaenda kukaa nje na wale waliokuwa wanacheza karata.

Najua unalokusudia kujibu. Utasema alisomeshwa kilugha, ndiyo maana. Kweli, kwa Sheria Na. 10533 ya mwaka 2013 watoto wa huku walianza kusoma kwa lugha ya nyumbani mpaka darasa la tatu. Lugha zilikuwa 19, na Kibisaya cha Cebu ni mojawapo. Wazazi wenyewe walilalamika. Watu sokoni wanahesabu kwa Kihispania, baynte, halafu mtoto anarudi na kawhaan, ishirini ya mababu ambayo hata bibi yake kaisahau. Oktoba 2024, tukiwa tunamuuguza Mama kwa simu, ikapita Sheria Na. 12027 na utaratibu ule ukafutwa. Mwanangu ni wa mwisho mwisho waliopita humo. Mimi sioni alichopoteza. Alijua kusoma kabla hajajua kuogopa kusoma.

Zamani hapa mtoto akisema Kibisaya darasani alitozwa faini. Mababu wa hao walipokea walimu wa Kimarekani walioletwa kwa meli iitwayo Thomas mwaka 1901, wapata 500, na Kiingereza chao. Wewe unajua ilivyo. Kwetu aliyesema Kisambaa uwanjani alipigwa, na fimbo ilikuwa yako. Halafu tunarudi nyumbani Mama anatuombea chakula kwa Kisambaa, na wewe unafumba macho unaitikia. Sikulaumu, ndivyo mlivyoagizwa. Ila usiniambie kilugha kinaharibu mtoto. Mama hakukuharibu.

Na nyie ndugu wengine mnaolea watoto mbali, nawashauri: Kiswahili muwape mapema, kwa nyimbo na ugomvi na matani, si kwa kuwapima mbele ya wageni. Kila siku dakika chache tu zinatosha. Mimi nafanya kazi hotelini, kisiwa cha Mactan, zamu za usiku, na mke wangu yuko kwenye kampuni ya kupokea simu za Wamarekani, ambayo kazi yake nayo ni usiku. Mtoto analala kwa lola yake, yaani bibi, na lola hana neno la Kiswahili zaidi ya "njoo." Kwa hali hiyo mtoto kuweza kusikia karibu yote tunayosema ni kazi kubwa iliyofanyika, na iliyofanywa na mtu mmoja. Mtu aliyeko Lushoto na nyumba imejaa wasemaji hawezi kuijua. Vitabu vya hadithi nilikuomba uniletee kwa yule kijana wa meli. Ulisema utaviangalia.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Hatakuja bweni. Sio kwa sababu ya hasira, au sio ya hasira peke yake. Wiki ile baada ya tetemeko, madarasa yamefungwa yakaguliwe nyufa, alisimama getini na kaeskwela wake wawili kila asubuhi kuuliza kama limefunguliwa. Sina sababu ya kumtoa mtoto mahali anapopapenda kiasi hicho nimpeleke kwa mtu anayeamini hakuwahi kuwa huko.

Kukutembelea atakuja. Au njoo wewe, chumba kipo, joto utalilalamikia lakini samaki utamsifu. Muda mzuri ni kabla shule hazijafunguliwa, Juni. Wazazi wa huku huwa wanakusanyika kuzisafisha, wanaita Brigada Eskwela, kila mtu na ufagio na rangi yake. Wewe ukiona ubao mchafu huwezi kukaa chini, nakujua. Mwalimu wake nimeshamweleza kwamba shangazi mtu ni mwalimu wa herufi, na ameniuliza maswali kuhusu ile alama ya ng' ambayo sikuweza kuyajibu vizuri.

Fedha za kujengea kaburi nimetuma kwa mjomba, sio kwako. Amepokea zote, muulize, ana risiti. Mafundi wasianze kabla mvua za masika hazijaisha. Majina ya Mama yaandikwe yote matatu, na pale mlipoandika "wajukuu 11" kwenye ratiba ya msiba, kwenye jiwe waandike 12. Umesahau mmoja.

Wifi yako anakusalimu. Kikohozi hicho nenda kakipime.