Mtoto aliyechora dau hakukosea

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa watoto wetu hapa Mombasa.

Kila Jumamosi baada ya alasiri hufundisha watoto kuchora barazani kwangu, Kisauni. Mwezi uliopita binti mmoja wa gredi ya nne alikuja amekumbatia daftari, macho mekundu. Shuleni waliambiwa kila mtu achore kwao. Yeye akachora dau limelala ubavu mchangani, maji yamekupwa. Mwalimu alikata picha nzima kwa wino mwekundu, akaandika chini: "Chora nyumba."

Nikamuuliza kwa nini dau. Akanijibu: "Babu alikuja nalo kutoka Pemba. Nyumba tunapanga."

Jibu hilo silitoi kichwani. Mimi pia ni mtu wa kuja. Nilizaliwa Msasani, Dar es Salaam, nikavuka mpaka wa Lunga Lunga mwaka 1991 na mfuko wa brashi. Nikiulizwa hapa kwetu ni wapi, nikasema Kisauni, naambiwa, "La, kwenu hasa!" Nikienda Dar, wapwa zangu wananiona Mkenya kwa kuwa maandazi nayaita mahamri. Kwa hiyo nachora. Samaki wa Msasani nimewachora mara nyingi kuliko nilivyowahi kuwala.

Mkono wangu ni wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji uliozaliwa Dar. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alitoka Tunduru, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, ndipo akafika Dar na kuanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Rangi hiyo haitaki haraka. Unapaka ubao wote kwanza, unasubiri ukauke, ndipo unaweka umbo, na madoa mwisho kabisa. Kwa unyevu wa huku kwetu, dau la binti yule lilituchukua Jumamosi tatu. Nilipochovya brashi kwenye buluu alinizuia mkono. Maji yakikupwa, alisema, pale chini ni rangi ya chai ya maziwa. Tukachanganya mpaka akaridhika.

Mwaka 2023 serikali iliwatambua Wapemba kuwa kabila la Kenya, baada ya miaka mingi ya kuvua bahari hii bila vitambulisho. Baba yake sasa anacho, na nilimwona siku aliponionyesha, amekifunga kwenye karatasi ya nailoni kisilowe. Inaniuma kwamba yale yaliyokubaliwa Nairobi mtoto anakatiwa tena darasani, tena na mtu anayempenda. Maana binti anampenda sana mwalimu wake.

Walimu wenzangu, najua mna watoto wengi na muda mchache. Lakini kabla ya kalamu nyekundu, muulizeni mtoto amechora nini. Ni swali moja tu.

Daftari lile bado analo, na ukurasa ule hajauchana. Mwalimu wake akiisoma barua hii, namwomba amwitishe aliangalie tena.

Mchoraji,
Kisauni, Mombasa