Kabla ya dawa, tuangalie wanachokula

Shoga yangu,

Meseji yako nimeipata na pole sana na hao kuku. Najua ile hali, asubuhi unafungua banda unakuta choo cha majimaji kila kona na manyoya ya nyuma yamegandana, unataka kukimbilia antibayotiki saa hiyo hiyo. Naomba usubiri kidogo. Kwa ulivyonieleza, mabaki ya jikoni asubuhi, mkate jioni, na katikati watoto wanawarushia mahindi, mi nahisi kabisa shida inaanzia kwenye chakula.

Ila kwanza tazama choo chenyewe. Choo kizuri kinashikana, kina rangi ya kahawia au kijivu na juu kina weupe, ule weupe ndo mkojo wao. Halafu kuna kile kingine kinachotoka mara chache kwa siku, laini, cha rangi ya chokoleti, kinanata na kinanuka hadi unageuza uso, wengi wakikiona wanajua kuku kaumwa kumbe ni kawaida kabisa, kinatoka kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo ambako chakula kinachachuka. Na siku za joto kali wanakunywa maji mengi kujipooza kwahiyo choo lazima kiwe majimaji, hapo wanahitaji kivuli na maji safi ya baridi, sio dawa.

Sasa chakula. Kuku anayetaga anakula kama gramu 110 mpaka 120 tu kwa siku, basi. Vya ziada visizidi asilimia 10, yaani gramu 10 au 12 hivi kwa kuku mmoja, hata kiganja hakijai. Wewe unawapa mkate ambao ukilowa kule ndani unavimba unakuwa donge, na ile wanga inalisha fangasi, na kuku akishashiba mkate hana tena nafasi ya chakula chake chenye protini asilimia 16 hivi na madini ya kutengenezea ganda la yai. Vyakula vyenye chumvi pia acha, vinamfanya anywe maji kupita kiasi na kuharisha juu yake. Maharage makavu ambayo hayajapikwa yana sumu, maganda na kokwa ya parachichi usiwape, na kitu chochote chenye ukungu, hata kama ukungu ni kidogo pembeni, tupa, usiseme ah ni kuku tu. Sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye ukungu, inaua ini lao taratibu wala huoni.

Kwahiyo siku tatu hizi wape chakula chao cha kutagia peke yake, maji safi, na changarawe. Changarawe usiisahau jamani, kuku hana meno, anayesaga ni firigisi na firigisi inasaga kwa vijiwe, kuku anayefungiwa bandani muda wote hana pa kuviokota labda umletee. Na magamba ya chaza hayafanyi kazi hiyo, yale yanayeyuka tumboni, kazi yake ni kuimarisha ganda la yai, weka kila kimoja kwenye chombo chake wachague wenyewe. Kama una vifaranga wasile hicho chakula cha kutagia, madini yake ni mengi mno yanawaharibu figo.

Kitu ninachotaka ukijue zaidi ya vyote ni gole, kile kifuko cha chakula pale chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Usiku wakishapanda kulala mshike mmoja mmoja, pitisha vidole taratibu, utakuta limejaa kama kampira kadogo. Asubuhi kabla hujawapa chochote rudia, linatakiwa liwe limeisha, bapa. Likiwa bado limejaa na ni gumu, kuna kitu kimekwama, mara nyingi nyasi ndefu ambazo zimejisokota mle ndani, basi mtenge, mnyime chakula lakini maji aendelee kunywa, mdondoshee mafuta ya kula kidogo sana pembeni ya mdomo halafu kanda gole polepole mara kadhaa kwa siku. Likiwa laini linachezacheza kama lina maji na mdomo unanuka uchachu, huyo ana fangasi. Kuna watu watakwambia mgeuze kichwa chini atapike, usithubutu, yale maji yanaingia kwenye mapafu na anakufia mkononi. Kesho yake gole halijashuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mtindi sikatai, ila kijiko kidogo tu, tumbo la kuku halisagi vizuri sukari ya maziwa, ukizidisha unawaharisha tena. Mi napenda zaidi kuchachusha chakula chao, unakiloweka kwenye maji safi hadi yakifunike, unakoroga kila siku, baada ya siku mbili tatu kinanukia uchachu mzuri na wanakigombania, na choo chao kinakuwa kikavu zaidi. Siki kwenye maji siiamini sana, ukiamua kuweka usiweke kwenye chombo cha bati.

Na kuna pale ambapo chakula peke yake hakitoshi. Ukiona damu kwenye choo, hasa kwa wale wadogo, au kuku amejikunyata mabawa yameshuka hataki kula, au choo cha kijani na shingo inapinda, usipoteze muda na mambo ya mtindi, watenge na umwite daktari siku hiyo hiyo maana hayo ni magonjwa na mengine yanamaliza banda zima.

Huyo mweusi mwenye manyoya machafu nyuma muoshe leo kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe vizuri kabisa, nzi wakitaga mayai pale funza watamla akiwa hai. Kesho asubuhi mshike gole kabla hajala halafu niambie, gumu, laini au limeisha, na nitumie picha ya choo chake.

Nakupenda, salimia watoto na uwaambie mahindi wapumzike kwanza.

Mimi shoga yako