Usizibe valvu ya hita inayodondosha maji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu hita za maji ya kuogea, maana baridi ya Juni na Julai ndiyo hii huku nyanda za juu, na watu wanabadilisha hita: wengine wenyewe, wengine kwa kumwita fundi bomba. Asiye fundi anaweza kuifunga vizuri upande wa maji, na fundi wa miaka mingi akaiharibu mahali pamoja tu: valvu ya usalama.

Hiyo ni ile ya shaba, ya nusu inchi, yenye kijimkono, inayofungwa kwenye njia ya maji baridi chini ya hita. Huzuia maji ya moto yasirudi kwenye tanki la juu, na hufunguka presha ikifika kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, mara nyingi baa 8. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 70 huongezeka karibu lita moja. Njia ya kurudi imefungwa, basi ziada hiyo hutokea kwenye kitundu cha pembeni. Matone wakati hita inawaka si ubovu. Lakini mwenye nyumba akilalamika, fundi huziba kitundu kwa plagi, au huing'oa valvu na kufunga koki ya kawaida kwenye bomba lenye valvu nyingine isiyorudisha maji. Utetezi wao: tanki la juu ya paa halina presha. Kweli, kimo cha mita 3 hutoa baa 0.3 tu, ila presha inayopasua hita haitoki kwenye tanki, huzaliwa ndani kwa joto. Themostati, kile kifaa cha kukata umeme maji yakishapata moto, ikigoma kukata, maji yaliyobanwa na presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na tangi la hita likipasuka sehemu yake hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja.

Chomeka mpira kwenye kitundu, ushuke hadi penye mfereji wa bafu, mwisho wake ukiwa wazi. Matone yakiendelea hata hita imezimwa na kupoa, nyanyua kijimkono mara mbili tatu kutoa uchafu. Yakikataa kukoma, nunua valvu mpya.

Tena, hita ikiacha kupasha si lazima ununue nyingine. Zima umeme, chomoa nyaya za elementi (koili inayopasha maji), pima ukinzani wake kwa mita ya umeme: ya wati 1,500 isome karibu omu 35, ya 2,000 karibu 26. Isiposoma kitu, badili elementi pamoja na gasketi yake. Tangi lenyewe likivuja ndipo hita imekwisha. Maji ya kisima yenye chumvi huharakisha: hula fimbo ya magnesiamu iliyowekwa ndani kulinda tangi, ikiisha yanahamia kwenye chuma.

Unayefunga mwenyewe, kumbuka maji ya hita ya lita 50 peke yake ni kilo 50. Boliti kwenye tofali zenye matundu hung'oka. Upande wa moto tumia bomba za PPR, zile za PVC hulainika. Usiwashe kabla koki ya moto haijatoa maji mfululizo bila kutema hewa, la sivyo elementi inaungua.

Umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Hita ya tangi ipewe laini yake, waya wa milimita za mraba 2.5 na ethi. Ile ya papo kwa papo ya wati 5,500 huvuta ampia 24, hivyo waya usipungue 4, na 6 ni bora. Zote zipitie kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme ukivuja. Akimaliza, mwambie akibonyeze kitufe cha majaribio, ukione kikikata, ndipo umlipe.

Fundi bomba na umeme,
Iringa